Kitambaa Chako Kiko Kiwandani

Mowlem,
Nairobi.
Jumapili, 21 Julai 1996.

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, mama. Pokea salamu kutoka kwa mwanao, ambaye ameketi mezani tangu tulipotoka kanisani, kalamu mkononi, akitafuta pa kuanzia. U hali gani wewe na wote wa nyumbani? Goti la nyanya yangu Kukhu linaendeleaje na baridi hii? Mahindi ya shamba la kando ya mto yameanza kubeba? Na yule ng'ombe wetu mkorofi amezaa salama, au bado anawasumbua?

Hapa sisi sote tu wazima. Baba alishikwa na kikohozi, lakini Shangazi Roseline amekuwa akimnywesha maji ya tangawizi kila jioni, na baba hulalamika kwamba kule reli anakofanya kazi hakuna mwanamume mwenye umri wake anayeshikwa pua ili anywe dawa. Shangazi humjibu kwamba kule reli hakuna anayelala chumba kinachopakana na chake akamsikia akikohoa. Kwa hivyo unaona kwamba nyumba yako ina kelele zake za kawaida.

Mama, najua unakumbuka mazungumzo yetu ya likizo ya Aprili tulipokuwa tukipanda maharagwe. Uliniambia kwamba nikiingia kidato cha tatu nisiiguse Fizikia, nichukue Sayansi Kimu, kwa sababu ni Fizikia iliyoziangusha alama za dada Khalayi na kumfungia mlango wa chuo cha ualimu. Nilikuahidi nitafanya hivyo. Nilikuahidi mbele ya Khalayi mwenyewe, naye aliendelea kufukia mbegu bila kusema neno. Sijaisahau ahadi hiyo. Barua hii yote inaihusu, hata pale utakapoona ninazungumza juu ya biskuti.

Mwanzoni mwa muhula huu Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba huenda Fizikia ikaondolewa kabisa katika kidato cha tatu. Alisema wasichana wanaoichagua ni wachache mno, na kwamba maabara inakusanya vumbi ilhali cherehani zimerundikwa stoo kwa kukosa mahali. Mwalimu Aden, anayetufundisha Fizikia, alimwomba asubiri kidogo. Yeye ni mtu mpole, mama, hapandishi sauti hata tunapomkosea, lakini siku hiyo tulimsikia hadi nje ya ofisi.

Muda si mrefu shule yetu ikapata mwaliko. Kuna kiwanda cha biskuti katika Eneo la Viwanda ambacho kimekuwa na tatizo kwa muda mrefu, nacho kiliziomba shule kadhaa za huku Eastlands zipeleke wanafunzi watatu watatu. Kila kundi lingeonyeshwa tatizo lenyewe, lipewe muda mfupi, kisha lirudi na kitu lilichokitengeneza. Walisisitiza kwamba hawataki michoro wala hotuba, wanataka kitu cha kujaribiwa palepale. Mwalimu Mkuu alikubali tuende, kwa sharti moja. Alisema tukifanya vizuri atawaita kidato cha pili wote na kuwauliza upya ni nani anayeitaka Fizikia. Tukienda kuiaibisha shule, cherehani zitahamia maabara muhula ujao.

Mwalimu Aden alimchagua Nthoki wa Komarock, ambaye ndiye wa kwanza darasani, Winny ambaye mikono yake hurekebisha chochote, na mimi. Sikujua nimechaguliwa kwa lipi. Nilipomuuliza aliniambia kwamba mimi huuliza maswali hata kengele ikishalia. Nilitaka kumwambia kwamba sitakuwa darasani kwake mwakani, ila nikamshukuru tu. Basi nikajikuta ninapigania somo ambalo nimeahidi kuliacha, na wenzangu hawakulijua hilo.

Mama, laiti ungekiona kiwanda chenyewe! Biskuti hutoka kwenye tanuri refu kuliko nyumba yetu, zimepangwa juu ya ukanda unaotembea, zikipoa taratibu. Mwisho wa ukanda huanguka juu ya meza ya bati ambapo akina mama waliovaa vitambaa vyeupe kichwani huzipanga kwenye pakiti. Ni mwanguko mdogo tu, kama shubiri, lakini hapo ndipo nyingi huvunjika. Injinia wa kiwanda, Bwana Opiyo, alitueleza kwamba kuisogeza meza juu haiwezekani kwa sababu ya magurudumu ya ukanda yaliyo chini yake. Alitaka tutafute njia ya kuishusha biskuti hadi mezani ikiwa nzima. Halafu akatupa kila kundi debe lililojaa biskuti nzima za kufanyia majaribio.

Tulipokuwa tukirudi, Winny alituuliza kama tumefikiria vizuri jambo tunalolifanya. Zile biskuti vunjika huuzwa kwa bei ya chini kwenye vibanda vya huku kwetu, na watoto wengi wa mtaani hawajui kwamba biskuti huwa na pembe. Alisema tukifaulu, mtaa mzima utatulaani, na wa kwanza atakuwa mama yake. Tulicheka hadi watu wakatugeukia.

Kazi tuliifanyia hapa nyumbani kwa sababu baba alituruhusu kutumia zana zake. Tulitengeneza mtelezo wa bati, tukauvika kadibodi laini, na chini tukatandika tyubu kuukuu ya baiskeli ili iipokee biskuti bila kishindo. Baba aliitoa tyubu ile kwa moyo mzito ingawa viraka vilikuwa vingi kuliko tyubu yenyewe. Kila jioni alipita akiuliza kama biskuti zimeshapata barabara ya lami, maana za watu bado.

Sasa, mama, hapa ndipo palipotokea kosa, nalo ni kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea katika nyumba kama yetu peke yake. Jumatano moja, wiki mbili zilizopita, wageni wa ushirika wa kanisa walikuja kusali kwetu. Mimi nilikuwa bado shuleni. Shangazi alikuwa na chai lakini hakuwa na kitafunio, na wewe unamjua, afadhali aanguke azirai kuliko kumpa mgeni chai tupu. Akaona debe. Akalifungua, akajaza sahani, akawapitishia wageni, nao wakala wakamsifu. Niliporudi nikakuta mama mmoja wa kanisa akiniombea baraka kwa biskuti nilizowaletea watumishi wa Mungu. Ningesema nini? Niliitikia amina.

Hasara haikuwa zile zilizoliwa, maana zilibaki za kutosha. Hasara ni kwamba debe lilibaki wazi jikoni siku zote zilizofuata, kando ya sufuria ya githeri inayotokota, katika manyunyu haya ya Julai yanayofanya hata chumvi ilie maji. Sisi hatukulitilia maanani. Tulizichukua biskuti zile tukaziangusha kwenye mtelezo wetu, na hakuna hata moja iliyovunjika. Tulijaribu tena na tena. Nthoki, ambaye hacheki ovyo, alicheza ngoma ya Kikamba pale sebuleni hadi picha ya babu ikaning'inia upande. Tulilala tukiwa washindi.

Asubuhi ya siku yenyewe niliona kwamba hatuna cha kutandika mezani. Kila kundi lingepewa meza ya kuwekea kazi yake, na mimi nimelelewa nawe, mama. Sijawahi kukuona ukimkaribisha mtu mbele ya meza tupu. Kwa hivyo nikakitoa kile kitambaa chako kikubwa cheupe cha kufuma, kile cha maua ya pembeni ulichokifuma mwaka aliozaliwa Khalayi, nikakikunja vizuri, nikaenda nacho. Shangazi aliniona. Alisema tu kwamba kikipata doa yeye hakuwepo.

Tulipokitandika pale kiwandani, wavulana wa shule moja ya karibu na Buruburu walitucheka. Mmoja wao alituita, “Niaje masiste! Hii ni biskuti ama ni harusi?” Mwingine akauliza bibi harusi ni yupi kati yetu, na mahari imefika wapi. Winny alimjibu kwamba mahari imefika, ila waliokuja kuileta hawajui kunawa mikono. Yule mvulana akaitazama mikono yake iliyojaa grisi, akaificha mgongoni.

Zamu yetu ilipofika, Bwana Opiyo alitufungulia ukanda, na biskuti mpya kavu kutoka kwenye tanuri zikaanza kushuka juu ya mtelezo wetu. Mama, zilivunjika kama vigae. Ya kwanza vipande viwili, ya pili vipande vinne, nyingine zikagonga ile tyubu zikaruka pembeni. Wavulana wakapiga mbinja. Winny aliuma mdomo ili asilie. Mwalimu Aden aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba.

Bwana Opiyo aliuliza tulifanyia majaribio biskuti zipi. Nthoki akamwonyesha zilizobaki kwenye debe. Alichukua moja akajaribu kuivunja kwa vidole, nayo ikajipinda kama chapati. Akaionja, akasema, “Mabinti, hii si biskuti tena, huu ni mkate.” Ikabidi nimweleze habari ya wageni wa kanisa, na debe, na githeri. Alicheka mpaka akavua miwani ayafute macho. Akasema kwamba amefanya kazi viwandani miaka mingi na hajapata kusikia majaribio yaliyoharibiwa na ushirika wa maombi. Kisha, kwa wema wake, akasema kutakuwa na mapumziko ya chai, na yeyote anayetaka kurekebisha kazi yake anaweza kuijaribu tena baadaye.

Nilikuwa nikiokota vipande sakafuni, uso umenishuka, nilipoziona biskuti mbili zilizorukia upande wa meza yetu. Zilikuwa zimetua kwenye pindo la kitambaa chako lililolegea kati ya meza yetu na kigoda cha kando. Zilikuwa nzima. Nikawaita wenzangu. Nthoki alitazama muda mrefu, kisha akaangusha biskuti nyingine juu ya meza yenyewe, palipokuwa na bati chini ya kitambaa, ikavunjika. Akaiangusha nyingine pale kwenye pindo, penye hewa tupu chini yake, ikatulia kama mtoto mgongoni. Basi tukaelewa. Kitu kinachoipokea biskuti kilipaswa kurudi nyuma nayo kidogo, kiishushe polepole, na tyubu yetu ilikuwa imetandikwa juu ya bati, haina pa kurudi.

Tulikipindua kigoda kimoja miguu juu, tukafunga pembe za kitambaa kwenye miguu minne, kikalegea katikati kama machela. Lakini ule uji wa ngano uliokipaka ili kisimame ulikuwa umekifanya kigumu kama karatasi. Winny alikimbia nacho bombani akakifikicha, akakikamua, kisha tukakishika mbele ya ukuta wa tanuri wenye joto hadi kikakauka. Akina mama wa kupanga biskuti waliacha chai yao wakaja kutusaidia kukigeuza, na mmoja akawa anakigusa maua akisifu mkono uliokifuma. Nilimwambia ni mkono wa mama yangu. Nilisema kwa sauti.

Zamu ya pili nilikuwa nimekunja vidole ndani ya viatu. Biskuti zikashuka, zikaanguka kwenye kitambaa, zikateleza upande tuliolegeza zaidi, zikafika mezani. Nzima! Chache zilivunjika, sitakudanganya, hasa zilipokutana mbili pamoja. Lakini jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba makombo yote yalipita kwenye matundu ya maua yako yakaanguka chini, kwa hivyo meza ilibaki safi. Bwana Opiyo aliinama akaangalia chini ya kigoda, akaangalia juu, akamwita mwenzake aje aone.

Hatukuwa wa kwanza, mama. Wa kwanza walikuwa wale wavulana wa harusi. Walikuwa wametengeneza gurudumu lenye vikombe ambalo lilizibeba biskuti na kuzishusha bila haraka, na kwa haki lilikuwa zuri kuliko letu. Sisi tulikuwa wa pili. Tulipokuwa tukifungasha, mmoja wao alikuja kwa adabu akitaka kujua tulivyokifunga kitambaa, naye Nthoki akamwambia aende kwanza akaoe. Lakini baadaye alimwonyesha.

Sasa nikuambie wazi habari ya kitambaa. Sikurudi nacho. Bwana Opiyo aliomba kibaki pale ili mafundi wao wapime ukubwa wa matundu na namna kinavyolegea. Alieleza kwamba wao watatumia wavu wa nailoni unaosafishika kwa urahisi, kwa sababu uzi wa pamba hunywa mafuta. Kwa kweli chako kilishayanywa, na katikati kina alama ya kahawia. Ameahidi kukirudisha, lakini sidhani kitarudi kilivyokuwa. Likizo ya Agosti nitaanza kukufumia kingine wewe ukinielekeza. Najua mkono wangu ni mzito.

Habari hiyo ilikuwa ngumu kuandika, lakini iliyo ngumu zaidi ni hii.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alituita kidato cha pili wote ukumbini. Alisema amepigiwa simu na kiwanda na kwamba shule haikuaibika. Akasema yeye ni mtu wa neno lake, kwa hivyo wanaoitaka Fizikia mwakani wasimame, ajionee mwenyewe kama wanatosha kuwa darasa. Nthoki alisimama. Winny akasimama. Wakasimama wengine hapa na pale, wengine wakivutana sketi na kuchekana. Mwalimu Aden alikuwa mlangoni, macho chini.

Mimi niliketi, mama. Nilikushika wewe na ile ahadi yangu kwa mikono yote miwili. Nthoki aligeuka akanitazama, hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyeona jirani yake akipita bila kumsalimu. Nikakuona wewe shambani, na Khalayi akifukia mbegu kimya. Mwalimu Mkuu alikuwa akitazama safu moja baada ya nyingine. Ndipo nikasimama.

Aliangalia tena ukumbi wote, akasema hao wanatosha. Sijui kama walitosha kwa sababu yangu au wangetosha bila mimi. Alituambia kila mmoja alete neno la mzazi kabla ya shule kufungwa.

Nilimweleza baba jioni ileile. Hakunigombeza. Alisikiliza yote, akakohoa, akasema kwamba ahadi ile sikumpa yeye na kwa hivyo hana mamlaka ya kuifungua, nikuandikie wewe mwenyewe. Shangazi akasema kwamba kwa mara ya kwanza tangu akuoe wewe, kaka yake amesema neno la maana.

Mama, si kwamba mimi nina akili kuliko dada Khalayi. Kila mtu anajua sinazo. Lakini yeye aliwahi kuniambia kwamba shuleni kwao Fizikia ilikuwa ubaoni tu, na mizani yao pekee ilifungiwa kabatini isivunjwe. Alifanya mtihani juu ya vitu ambavyo hakuwahi kuvishika. Mimi nimevishika. Biskuti zilipovunjika mbele ya watu wote niliona aibu, ndiyo, lakini chini ya ile aibu nilitaka sana kujua ni kwa nini, na kutaka huko hakujaniacha. Sayansi Kimu siidharau. Kupika na kushona nitafundishwa nawe na Shangazi, na hamtanionea huruma nikikosea. Lakini hili la Fizikia, kama si shuleni, sijui nitalipata wapi.

Nisamehe kwamba nilisimama kabla ya kukuuliza. Ukisema niketi, nitaketi, na sitanuna wala sitakutajia tena jambo hili. Nitamweleza Mwalimu Aden mwenyewe. Ila naomba uongee kwanza na Khalayi, umuulize yeye angesema nini siku ile ya kupanda, kama mtu angemuuliza. Kisha uniandikie lolote mtakaloamua. Mpaka jibu lako lifike, mama, mimi bado nimesimama.

Msalimie Kukhu na umwambie nimemwekea dawa ya kuchua goti, nitakuja nayo. Wasalimie jirani zetu wote na watu wa kanisa. Mkumbatie dada Khalayi kwa ajili yangu. Baba na Shangazi wanakusalimu sana. Mungu awalinde hadi tuonane Agosti.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mourine Nakhumicha